Tuzo Zimehesabiwa, Gharama Zimesahauliwa: Tathmini ya Programu ya Matembezi Baada ya Miezi Sita

Kwa muda wa miezi sita watu watatu wa familia moja tumetumia programu moja ya simu inayohimiza watu kutembea: binti yangu mwenye umri wa miaka 24, mimi mwenye miaka 49, na mama yangu aliyetimiza miaka 73 tukiwa katikati ya safari hiyo. Sikukusudia tangu mwanzo kuandika tathmini. Niliipakua kwa sababu daktari alinishauri niache kukaa mno, binti yangu akajiunga ili anisindikize, na mama, alipoona tunalinganisha hatua zetu kila jioni, akaomba naye awekewe. Lakini kadiri wiki zilivyopita niliona kwamba kitu kilekile kilikuwa kinatugusa kwa namna tatu tofauti. Kwa kuwa nimefundisha baiolojia kwa zaidi ya miaka 20, na kwa miaka mingi nimefuatilia tafiti za jinsi ubongo unavyopima faida dhidi ya gharama, nimeona kipimo hicho ndicho kinachofaa kuitathmini. Jina la programu nimeliacha, kwa sababu nyingi za aina hii zimejengwa kwa muundo unaofanana na ninayoyasema yanazihusu karibu zote.

Muundo wenyewe ni rahisi kueleza. Unajiwekea lengo la hatua kwa siku, simu inahesabu, na ukilifikia unapata pointi. Siku zinazofuatana bila kukosa huunda mfululizo, na mfululizo ukifika kiwango fulani hupewa beji. Ukikosa siku moja tu, unarudi sifuri. Kila jioni, kama lengo bado halijatimia, inakuja arifa ya kukuonya kwamba mfululizo wako uko hatarini. Kuna jedwali la msimamo linalokupanga dhidi ya watumiaji wengine, kuna sanduku la bahati ambamo unaweza kuweka pointi zako zikaongezeka maradufu au zikapotea zote, na katika toleo la kulipia kuna akiba ya pointi inayokua ukiiacha kwa mwezi mzima bila kuigusa. Unapojiandikisha unaulizwa umri wako, nami nilidhani jibu hilo lingetumika kwa jambo la maana. Nilipochunguza mipangilio yote niligundua kwamba umri unatumika kukadiria mapigo ya moyo na nishati inayochomwa, na hapo ndipo matumizi yake yanapokoma. Tuzo, maonyo na lengo linalopendekezwa havibadiliki, uwe na miaka 20 au 80.

Hilo ndilo kosa la msingi, na yote nitakayoeleza yanatokana nalo. Uamuzi wa kuinuka kitini na kwenda kutembea hupimwa kichwani kwa mizani yenye pande mbili. Upande mmoja kuna kile unachotarajia kupata, na upande wa pili kuna kile utakachotoa: nguvu, muda, maumivu, umakini, na mambo mengine utakayoyaacha ili utembee. Waliotengeneza programu hii wameushughulikia upande wa kwanza kwa ustadi mkubwa na hawakugusa wa pili hata kidogo, ilhali pande zote mbili hubadilika taratibu katika miaka yote ya utu uzima.

Nianze na binti yangu, ambaye kwake programu imefanikiwa bila shaka yoyote. Katika wiki ya kwanza alikuwa ameshaelewa ni saa ngapi pointi za ziada hutolewa, ni njia gani humaliza lengo haraka, na ni lini afungue sanduku. Anayeijua kazi ya mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz hatashangaa. Schultz alirekodi seli za dopamini, yaani zile zinazotoa kemikali hiyo ya kupeana ishara, katika ubongo wa kati wa nyani waliokuwa wakipewa maji ya matunda, na mwaka 1997, pamoja na Peter Dayan na Read Montague, akachapisha maelezo ambayo hadi leo ndiyo msingi wa uwanja huu: seli hizo hazitangazi tuzo yenyewe, zinatangaza tofauti kati ya tuzo iliyotarajiwa na iliyopatikana. Maji yakija bila kutarajiwa, seli hulipuka kwa shughuli. Nyani akishajifunza kwamba taa fulani hutangulia maji, mlipuko huhamia kwenye taa, na maji yakikosekana baada ya taa kuwaka, shughuli hushuka chini ya kawaida yake kwa wakati uleule ambao maji yalipaswa kufika. Programu imejengwa juu ya mlipuko huo. Pointi za ziada huja bila ratiba inayotabirika kirahisi, na kwa ubongo wa kijana ambao hurekebisha matarajio yake upesi, kila siku huleta kitu kipya cha kujifunza.

Mwezi wa tatu kanuni za pointi zilibadilishwa. Matembezi ya asubuhi yaliyokuwa na thamani kubwa yakapunguziwa, na ya jioni yakaongezewa, bila maelezo yoyote zaidi ya sentensi moja iliyopita kwenye skrini. Binti yangu alihamishia matembezi yake jioni ndani ya siku chache. Mimi niliendelea na asubuhi kwa wiki tatu nzima, nikiona pointi zinapungua na nisitafakari kwa nini. Sitaki kujitetea kwa sayansi pale ambapo huenda nilikosa umakini tu, lakini hali hii inajulikana. Vipokezi vya dopamini, yaani sehemu za seli zinazoipokea, hupungua katika utu uzima wote, na makadirio mengi ya tafiti za picha za ubongo huweka upungufu huo karibu asilimia 10 kwa kila miaka 10, ingawa aina moja ya kipokezi hutofautiana na nyingine na uwezo wa kutengeneza dopamini yenyewe hauonyeshi kushuka kwa namna hiyo. Mwaka 2013 watafiti wa London waliwapa watu wazima wenye umri mkubwa levodopa, dawa ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, kisha wakawaomba wajifunze kwa kujaribu ni picha ipi kati ya mbili hulipa zaidi. Wale ambao bila dawa walikuwa wakijifunza kwa shida walifanya vizuri zaidi walipoitumia, na ishara ya tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana ikaonekana upya katika ubongo wao. Kwa hiyo kubadilisha kanuni za tuzo katikati ya safari, bila kuwaeleza watu waziwazi, ni kuwatwika mzigo mzito zaidi wale ambao mashine yao ya kusahihisha matarajio imepungua kasi. Sentensi tatu zilizoandikwa wazi zingetosha kuuondoa.

Arifa za jioni zinahitaji kuzungumziwa kwa kirefu, kwa sababu ndizo zilizomsumbua mama zaidi ya kitu kingine chochote. Zimeandikwa kwa lugha ya hasara: utapoteza, utarudi sifuri, umebakiwa na saa mbili. Aliyeziandika bila shaka alijua kile ambacho wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walikieleza mwaka 1979, kwamba kwa watu wengi uzito wa kupoteza kitu huzidi uzito wa kupata kitu cha thamani ileile. Ila hakujua, au hakujali, kwamba kuitazamia hasara na kuipata ni mambo mawili, na kwamba umri huyagusa kwa njia tofauti. Mwaka 2007 Gregory Samanez-Larkin na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha vijana na wazee wenye afya njema waliokuwa wakisubiri kupata au kupoteza fedha. Wazee waliitazamia faida kama vijana, na sehemu za ubongo zinazohusika zikaamka vilevile. Walipokuwa wakiisubiri hasara, shughuli katika insula na katika sehemu ya striatamu, maeneo mawili yaliyo ndani ya ubongo, ilikuwa hafifu kuliko ya vijana. Hata hivyo hasara ilipofika kweli, walihisi kama wengine.

Nilisoma matokeo hayo miaka mingi iliyopita na nilidhani ninayaelewa, lakini niliyaelewa barabara nilipomwona mama. Arifa ilipokuja saa mbili usiku aliisoma kwa utulivu, akaiweka simu mezani, akaendelea na shughuli zake. Onyo halikumwinua kitini hata mara moja. Lakini asubuhi iliyofuata, alipofungua programu akakuta siku 31 zimegeuka sifuri, alikaa kimya kwa muda kisha akaniambia, "Mwanangu, siku zile zote nilizotembea, wamezipeleka wapi?" Swali hilo ni la haki kabisa. Onyo lilishindwa kufanya kazi iliyokusudiwa, na adhabu ikamuumiza bila kumfundisha lolote. Kwa mtu wa umri wake muundo huu unatoa maumivu yote ya hasara na hautoi hata kidogo ule msukumo ambao eti ndio sababu ya kuwepo kwake.

Kuhusu sanduku la bahati sina mengi. Binti yangu hulifungua karibu kila siku; mimi nililifungua mara nne na mama hakuligusa. Robb Rutledge na wenzake, kwa kutumia mchezo wa simu uliochezwa na watu 25,189 wenye umri wa miaka 18 hadi 69, walionyesha mwaka 2016 kwamba kadiri umri unavyosogea watu hupunguza kubahatisha pale wanapowania faida, lakini hawabadiliki pale bahati nasibu inapohusu kuepuka hasara. Wakahusisha mteremko huo na kupungua kwa dopamini. Utafiti huo ninauthamini kwa sababu nyingine pia: mara nyingi watafiti hulinganisha watu wa miaka 20 na ushee na wale waliovuka 60, wakaturuka sisi tulio katikati, ilhali hapa mteremko unaonekana ukianza mapema na kuendelea pole pole. Sanduku ni kipengele cha vijana. Halimdhuru asiyelitaka, isipokuwa linachukua nafasi kubwa mno kwenye skrini ya kwanza.

Sasa nije kwenye upande wa pili wa mizani, ambao programu haina hata kitufe kimoja cha kuutambua. Katika miaka ya 1990 John Salamone na wenzake waliwawekea panya njia mbili: moja yenye chakula kingi nyuma ya kizuizi cha kupanda, na nyingine yenye chakula kidogo bila kizuizi. Panya wa kawaida walipanda. Waliopunguziwa dopamini katika eneo liitwalo nyukliasi akambensi walichagua chakula kidogo cha bure. Kizuizi kilipoondolewa, walikwenda kwenye chakula kingi kama wenzao, na upande mwingine ulipoachwa bila chakula chochote waliweza kupanda. Maana yake hamu ya chakula ilikuwepo na nguvu za mwili zilikuwepo. Kilichobadilika ni hesabu ya kama tuzo ile inastahili jasho lile. Mwaka 2020 maabara ya Ann Graybiel, ambaye amechunguza vijisehemu vya striatamu viitwavyo striosomu kwa zaidi ya miaka 40, ilionyesha jambo la karibu na hilo kwa panya wadogo waliotakiwa kutofautisha mlio unaoleta maji ya sukari na mlio unaoleta mwanga mkali wa kukera. Panya waliozeeka walipunguza kujishughulisha na uchaguzi huo, na watafiti walipoziamsha striosomu, ari yao ilirudi.

Panya si mtu, na sitaki msomaji achukue matokeo hayo kama maelezo ya mama yangu. Ninachotaka achukue ni hili: mtu anapoacha kufanya jambo, huwezi kusema kwamba tuzo imekosa mvuto kwake mpaka uwe umeitazama gharama. Programu hufanya kinyume. Mama alipopunguza mwendo katika wiki ya tano, ilimjibu kwa kuongeza ukubwa wa tuzo: beji mpya, pointi mara mbili, rangi zaidi. Hakuna mahali palipomuuliza kama magoti yanauma. Hatua yake na hatua ya mjukuu wake zinahesabiwa sawa, ilhali fiziolojia ya mwendo imeonyesha mara nyingi kwamba mtu mwenye umri mkubwa hutumia nishati zaidi kuliko kijana kwa umbali uleule. Lengo alilopendekezewa lilikuwa hatua 10,000, idadi ambayo chimbuko lake ni jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965 na wala haikutokana na kipimo cha kitabibu. Mwaka 2019 I-Min Lee na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanawake 16,741 wenye wastani wa umri wa miaka 72. Waliotembea karibu hatua 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kwa uwazi kuliko waliotembea karibu 2,700, na nafuu iliendelea kuongezeka hadi karibu 7,500, kisha ikatulia. Mtu wa umri wa mama alikuwa anadaiwa zaidi ya kile ambacho ushahidi unamdai, na kila siku aliyotembea hatua 6,000 zenye faida kubwa kwa mwili wake ilihesabiwa kuwa siku ya kushindwa.

Gharama nyingine ni ya akili. Ili kubadilisha lengo hilo unapita skrini tano, mbili kati yake zikiwa na matangazo ya toleo la kulipia, na neno lenyewe la "lengo" limefichwa chini ya kichwa kisichohusiana nalo. Andrew Westbrook, Deborah Kester na Todd Braver walionyesha mwaka 2013 kwamba watu wakiachiwa wachague kati ya kazi ngumu ya kumbukumbu yenye malipo makubwa na kazi rahisi yenye malipo madogo, wazee hukata thamani ya malipo yale makubwa zaidi kuliko vijana kwa sababu ya juhudi inayotakiwa. Kwa maneno mengine, umakini una bei, na bei hiyo hupanda. Mama alijaribu mara mbili kushusha lengo, akaacha. Nilimfanyia mwenyewe, na nakiri kwamba hata mimi nilikosea njia mara ya kwanza.

Akiba ya pointi nitaipitia kwa haraka. Imani iliyoenea ni kwamba wazee wana subira kuliko vijana, na utafiti wa Leonard Green wa mwaka 1994 uliunga mkono wazo hilo, lakini mapitio ya pamoja ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2022 hayakukuta tofauti ya jumla ya umri katika kusubiri tuzo. Kwetu sote watatu tuliiacha akiba ikue. Kipengele hiki ni kizuri na kinafanya kazi inavyoahidi.

Kilichonishangaza kwa wema ni kipengele ambacho watengenezaji wenyewe wanaonekana kukisahau. Ndani kabisa ya orodha, chini ya mipangilio ya sauti, kuna uwezo wa kuunganisha akaunti mbili ili hatua za mmoja ziingie kwenye kapu la mwenzake. Nilikigundua kwa bahati katika mwezi wa nne, wakati mama mdogo, yaani mdogo wake mama, alipokuwa anapona baada ya kuvunjika mfupa wa nyonga na kuruhusiwa kutembea hatua chache tu kwa siku. Nikaziunganisha akaunti zao. Tangu siku hiyo mama ametoka karibu kila asubuhi, bila arifa na bila beji, na akirudi jambo la kwanza ni kumpigia ndugu yake kumwambia kapu limefika wapi. Patricia Lockwood na wenzake walichapisha mwaka 2021 utafiti ambamo vijana na wazee walibana kishikio kwa nguvu ili kupata pointi, mara kwa faida yao na mara kwa faida ya mtu mwingine. Vijana walijitahidi zaidi kwa ajili yao wenyewe, ilhali wazee walitoa nguvu karibu sawa kwa ajili ya mwingine. Laura Carstensen alikwisha kueleza tangu miaka ya 1990 kwamba mtu anapouona muda uliobaki kuwa mfupi, malengo yenye maana ya kihisia na watu wa karibu hupanda daraja. Hayo yote yalikuwa yanajulikana kabla ya programu hii kuandikwa, na bado kipengele pekee kinachoyatumia kimewekwa mahali ambapo mtu mwenye miaka 73 hawezi kukifikia peke yake.

Upimaji wenyewe hauna lawama. Hesabu ya hatua ilikaribiana sana na niliyohesabu kwa mdomo mara kadhaa, betri haikuisha upesi, na takwimu za mwezi zimepangwa kwa usafi. Kwa mtu aliye chini ya miaka 35 na mwenye viungo vizima, ninaipendekeza bila kusita, pamoja na toleo la kulipia. Kwa mtu wa rika langu ninaipendekeza kama kihesabio tu, kwa sharti kwamba ashushe lengo mwenyewe siku ya kwanza na asikubali jedwali la msimamo liwe kipimo cha juhudi yake. Kwa mzee ninaipendekeza ikiwa tu kuna mtu wa karibu wa kukaa naye nusu saa kuipanga, kuzima arifa za jioni, kuficha sanduku, na kumtafutia mwenzi wa kapu.

Niliwaandikia watoa huduma mambo manne: lengo lifuate umri na hali ya mwili, mfululizo upungue badala ya kufutwa, mabadiliko ya kanuni yaelezwe kwa maneno, na kapu liletwe skrini ya kwanza. Walijibu kwa adabu kwamba maoni yangu yamepokelewa. Binti yangu amehuisha toleo lake la kulipia, mimi nimerudi kwenye la bure, na mama anatumia skrini moja tu, ile ya kapu, akiwa na lengo la hatua 4,500. Kila programu inaposasishwa arifa za jioni hurudi zenyewe, nami huingia tena kwenye mipangilio ya simu yake na kuzizima.